Sindano Inayofuata Amri: Bloku za Kompyuta Katika Kazi ya Tarizi

Ua lililochorwa kwa upana wa inchi 4 kamili halishoneki kwenye fremu ambayo maduka ya Marekani huiuza kwa jina la fremu ya inchi 4. Cherehani ya kutarizi ya nyumbani hulikataa. Inchi 1 ni milimita 25.4, hivyo inchi 4 ni milimita 101.6, ilhali nafasi halisi ya kushona ndani ya fremu hiyo ni milimita 100 kwa 100. Milimita 1.6 zinatosha kuzuia kazi nzima.

Hesabu hiyo ina makao yake Gaithersburg, mji wa jimbo la Maryland ulio kaskazini magharibi mwa Washington. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia, NIST, ambayo zamani iliitwa Ofisi ya Taifa ya Viwango na ilihamia Gaithersburg miaka ya 1960 ikitoka jijini Washington. Mwaka 1959 ofisi hiyo ilikuwa miongoni mwa taasisi zilizokubaliana na wenzao wa Uingereza na nchi nyingine kwamba yadi 1 ni mita 0.9144. Kutoka hapo ndipo inchi ikawa milimita 25.4 bila kupungua wala kuzidi.

Mtoto wa Gaithersburg hukua akipima kwa inchi na futi. Akifika mbele ya cherehani ya kutarizi hukuta kila kitu kimeandikwa kwa milimita, na mara nyingi kwa sehemu ya kumi ya milimita. Siku hizi anaweza kufika hapo kwa njia ambayo mafundi wa zamani hawakuijua: kuunda mchoro wake kwa lugha ya programu ya bloku, yaani amri zilizoandikwa ndani ya vipande vya rangi ambavyo mtumiaji huviburuta kwenye skrini na kuviunganisha.

Walimu wengi wa kompyuta wanaipenda njia hii. Mafundi wa tarizi wana mashaka nayo, na mashaka yao yana msingi. Kinachogombaniwa si kipambo tu. Ni nani atakayejua kupanga mishono katika kizazi kijacho, na kwa zana za nani.

Njia, si picha

Sindano ya cherehani haioni picha. Inachopokea ni orodha ndefu ya safari fupi: sogea hapa, choma; sogea pale, choma; kata uzi; simama ubadilishiwe rangi. Faili la DST, muundo ulioanzia kwenye mashine za kampuni ya Tajima ya Japani na ambao leo husomwa na mashine za aina nyingi, huhifadhi safari hizo kwa kipimo cha sehemu ya kumi ya milimita. Hatua moja ndani ya faili hilo haiwezi kuzidi milimita 12.1.

Picha ya kompyuta ni kitu cha namna nyingine kabisa. Mwaka 1957, ofisi hiyohiyo ya viwango ikiwa bado Washington, Russell Kirsch na wenzake waliingiza picha ya kwanza kwenye kompyuta iliyoitwa SEAC. Ilikuwa picha ya mwanawe mchanga. Waliigawa katika miraba 176 kwa 176, jumla 30,976, na kila mraba ukawa mweusi au mweupe. Tangu hapo picha za kidijitali zimejengwa kwa miraba.

Miraba haisemi uzi uanzie wapi. Haisemi upite upande gani, urudi vipi, wala usimame lini. Mtu anayetaka kugeuza picha kuwa tarizi analazimika kuyaamua hayo yote upya, na ndiyo maana upangaji wa mishono umekuwa ufundi wenye bei yake. Mteja mwenye nembo ya shule iliyopigwa picha kwa simu hudhani kazi imekwisha. Kwa fundi, kazi ndiyo kwanza inaanza.

> Mchoro wa tarizi ni safari ya uzi mmoja yenye mwanzo, mwendo na mwisho. Programu ya kompyuta nayo imejengwa hivyohivyo.

Lugha iliyozaliwa mwaka 1967

Wazo la kumfundisha mtoto kompyuta kwa kumpa kitu cha kukiongoza ni la zamani kuliko kompyuta za mezani. Mwaka 1967, Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon walibuni lugha ya Logo huko Cambridge, jimbo la Massachusetts. Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Muda si mrefu lugha hiyo ikapata kobe: kwanza roboti iliyotambaa sakafuni ikiwa na kalamu, kisha alama kwenye skrini. Mtoto alimwamuru kobe aende mbele hatua kadhaa au ageuke digrii kadhaa, naye akaacha mstari nyuma yake.

Mwaka 2007 maabara ya MIT Media Lab ilitoa Scratch, ambako amri haziandikwi kwa herufi moja moja bali huunganishwa kwa bloku. Alama ya nukta iliyosahaulika, ambayo huwavunja moyo wanafunzi wa lugha za maandishi, haiwezi kutokea. Jens Mönig na Brian Harvey wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliliendeleza wazo hilo kwa kutengeneza Snap!, inayomruhusu mtumiaji kuunda bloku zake mwenyewe na kuzipa majina.

Juu ya msingi wa Snap! Andrea Mayr-Stalder na Michael Aschauer wa Vienna, Austria, walijenga TurtleStitch. Kobe akapewa sindano badala ya kalamu. Programu hiyo ni ya bure, hufunguka ndani ya kivinjari cha intaneti, na kazi ikikamilika huitoa katika faili la DST au la EXP. Ndani yake hatua 5 za kobe ni milimita 1 ya kitambaa. Ziko bloku za mshono wa kawaida, mshono wa mara tatu, mshono wa kupinda kushoto na kulia, kuruka bila kushona, na kukata uzi.

Mfano mdogo unatosha kuonyesha namna inavyofanya kazi. Mwanafunzi huweka bloku ya kurudia mara 60, na ndani yake huweka mbili: mbele hatua 10, geuka digrii 6. Kobe huzunguka digrii 360 na kurudi alipoanzia. Kila hatua 10 ni mshono wa milimita 2, hivyo mzingo ni milimita 120 na kipenyo kinakaribia milimita 38. Duara hilo linaingia kwenye fremu bila wasiwasi, na mwanafunzi anaweza kulipima kwa rula baada ya kulishona.

Ukanda wa kofia

Kwa msomaji wa pwani, faida ya njia hii huonekana haraka zaidi kwenye kofia. Kofia ya Unguja au ya Lamu ina sehemu mbili: kipande cha duara cha juu na ukanda unaozunguka kichwa. Duara hujengwa kwa umbo moja linalorudiwa kuzunguka kitovu. Ukanda hujengwa kwa umbo moja linalorudiwa kwa mstari. Wanaozishona kwa mkono wamekuwa wakigawanya duara na kupanga marudio kwa vizazi na vizazi bila kuiita kazi hiyo hesabu.

Mtu akitaka majani 8 kwenye duara la juu, huandika programu ya jani moja, huipa jina, kisha huagiza irudiwe mara 8 huku kobe akigeuka digrii 45 kila mara. Akitaka majani 7, digrii 45 hazifai tena. Aliyeandika 45 kwa mkono atakwama. Aliyeandika 360 gawanya kwa idadi ya majani atabadilisha namba moja tu na ua zima litajipanga upya.

Ukanda una hesabu tamu zaidi. Kichwa chenye mzingo wa sentimita 56 kinahitaji ukanda wa milimita 560. Umbo lenye upana wa milimita 40 litarudiwa mara 14 na kumalizika sawasawa. Fremu ya milimita 100 hubeba maumbo mawili kwa wakati mmoja, hivyo kitambaa kitafungwa na kufunguliwa mara 7. Mteja mwenye kichwa cha sentimita 58 akija, fundi ana njia mbili: kuongeza umbo la 15 na kulibana, au kubaki na 14 na kulipa kila moja upana wa milimita 41.4. Katika programu ya bloku uamuzi huo hufanywa kwa namba moja.

Tofauti kubwa iko hapa. Faili la mashine lililokwisha kupangwa likikuzwa mara mbili, idadi ya mishono kwa kawaida hubaki ileile. Mshono wa milimita 2.5 huwa milimita 5, uzi unalegea, na unanasa kwenye kidole au kwenye pete. Mshono mpana wa milimita 7 huwa 14, ukavuka kikomo cha milimita 12.1. Lakini programu ikikuzwa mara mbili, kobe hutembea njia ndefu zaidi kwa mishono ya urefu uleule uliopangwa. Programu za kitaalamu za tarizi nazo zinaweza kupanga mishono upya, ila hugharimu mamia ya dola, na baadhi huvuka dola 1,000.

Mafundi wana hoja

Kinachopendeza kwenye skrini kinaweza kuharibika kwenye kitambaa, na hapo ndipo mashaka ya mafundi yanapoanzia.

Ua la majani 8 ni mfano mzuri. Mwanafunzi huanza kila jani kwenye kitovu na kulimalizia hapohapo. Kwenye skrini mistari inakutana vizuri. Kwenye cherehani, sindano huchoma mahali palepale tena na tena: kitambaa kinatoboka, uzi unajikusanya kuwa fundo, na sindano inaweza kukatika. Dawa yake ni kumwamuru kobe aruke milimita 2 au 3 kutoka kitovuni kabla ya kuanza kila jani. TurtleStitch huonyesha onyo pale mishono inaposongamana, lakini onyo halimwambii mtu afanye nini.

Kuna pia mvuto wa uzi. Kila mshono hukivuta kitambaa kidogo, na mishono mia kadhaa inayoelekea upande mmoja hulifanya duara liwe na umbo la yai. Fundi mzoefu hulipanua umbo mapema upande utakaovutwa. Kabla ya kujaza eneo hutanguliza mishono myepesi ya chini inayokishikamanisha kitambaa na kitambaa kigumu kilichowekwa nyuma yake. Anajua kwamba pamba nyepesi ya kanzu haichukui wingi wa mishono unaochukuliwa na jinzi. Anajua pia kwamba kitambaa cha fulana hunyumbuka na kurudi.

Maarifa hayo hayamo ndani ya bloku. Mtu anaweza kuyaandika kama programu akiwa tayari anayajua, lakini bloku peke yake hazitamfundisha.

> Programu hujua njia ya uzi. Kitambaa kinajulikana kwa kukishika.

Hoja nyingine ya mafundi ni ya kibiashara. Nembo ya kampuni yenye herufi ndogo, sura ya mnyama au rangi tano zinazopishana si kazi ya kobe. Kuiandika kwa bloku kungechukua siku nyingi, na anayetumia programu ya kuchora angeimaliza mapema zaidi. Kwa kazi kama hiyo ipo Ink/Stitch, programu nyingine ya bure inayofanya kazi ndani ya Inkscape, ambayo huanza na mchoro badala ya amri. Bloku zinafaa pale umbo linaporudiwa, kugeuzwa, kukuzwa hatua kwa hatua, au kubadilika kwa kanuni. Sehemu kubwa ya mapambo ya kofia, mikeka na milango ya kuchonga iko katika kundi hilo, na hili ni jambo ambalo walimu wa Afrika Mashariki wanapaswa kulitazama kwa makini.

Sheria ya Maryland na simu ya Graz

Maryland ilipitisha sheria mwaka 2018 iliyotaka kila shule ya sekondari ya juu ya umma itoe angalau somo moja la sayansi ya kompyuta kufikia mwaka wa masomo 2021/22. Sheria hiyo pia ilisisitiza kuwafikia wasichana na makundi yaliyokuwa nyuma katika fani hiyo. Gaithersburg iko katika Kaunti ya Montgomery, ambako karibu theluthi moja ya wakazi wamezaliwa nje ya Marekani. Miongoni mwa familia hizo zimo za Afrika, na nguo za sherehe zenye tarizi zimo kabatini mwao.

Watetezi wa tarizi darasani wanasema mtoto anayeona programu yake ikigeuka kitambaa cha kuvaa hubaki na somo muda mrefu zaidi. Ni hoja inayoeleweka. Kosa la digrii moja kwenye mchezo wa skrini hupita bila kuonekana, ila kwenye duara lililoshonwa huacha pengo ambalo kila mtu analiona.

Austria ndiko wazo hilo lilikofanyiwa kazi kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, kupitia timu ya Catrobat iliyoanzishwa na Wolfgang Slany, kilitengeneza Pocket Code, programu ya bloku inayotumika moja kwa moja kwenye simu ya Android. Katika mradi wa Code'n'Stitch iliongezewa bloku za tarizi, na wasichana wa shule walikuwa walengwa wakuu. Mchoro hupangwa kwenye simu, hutolewa kama faili la DST, kisha hushonwa.

Kwa Dar es Salaam, Mombasa au Goma, hiyo ya simu ndiyo habari kubwa kuliko sheria ya Maryland. Shule nyingi hazina chumba cha kompyuta, ilhali simu ya Android imefika karibu kila mtaa. Na cherehani ya kutarizi tayari iko mtaani, kwa fundi anayeshona nembo za sare za shule na shingo za kanzu. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakutanisha mwalimu na fundi huyo.

Kenya ilichukua hatua rasmi ya kufundisha uandishi wa programu mapema, pale Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya nchi hiyo ilipoidhinisha mwaka 2022 mtaala wa kampuni ya Kodris Africa. Mtaala huo unaelekea lugha ya maandishi ya Python. Tanzania imeanza kutekeleza mitaala iliyoboreshwa yenye mkondo wa amali katika sekondari, na vyuo vya VETA vimekuwa vikifundisha ubunifu, ushonaji na teknolojia ya nguo kwa miaka mingi. Ushonaji na kompyuta vinafundishwa kama vitu viwili, mara nyingi katika jengo lilelile. Hilo ni pengo, na halihitaji fedha nyingi kuzibwa.

Lugha nayo si kikwazo tena kama zamani. Scratch ina tafsiri ya Kiswahili, na katika Snap! na TurtleStitch mtu anaweza kuunda bloku yake na kuiita kwa jina analotaka. Bloku iitwayo "jani" au "ukingo wa kofia" hufanya kazi sawa na yenye jina la Kiingereza.

Mchoro ni wa nani

Swali moja halijapata jibu la kuridhisha. TurtleStitch inawaruhusu watumiaji kuchapisha kazi zao ili wengine wazifungue, wazisome na kuzibadilisha. Kwa kujifunza, hakuna utaratibu bora kuliko huo. Kwa mwanamke wa Lamu ambaye kofia moja humchukua wiki nyingi za kushona kwa mkono, tundu kwa tundu, ni jambo jingine. Umbo alilorithi likishaandikwa kwa bloku, mashine yoyote duniani inaweza kulirudia mara elfu.

Kofia za mashine zimekuwepo sokoni kwa miaka mingi na bei yake ni ya chini. Bado hazijaifikia kazi ya mkono, na sababu moja ni ya kiufundi kabisa: mishono ya vitundu vya kofia huzungushiwa tundu halisi, na cherehani ya kutarizi ya nyumbani hushona tu, haitoboi. Wanaoijua kofia hutambua tofauti kwa kuigusa. Pengo la bei, hata hivyo, ni kubwa, na mnunuzi mwenye haraka hachelewi kuchagua.

Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni, ambayo inaipa jamii nafasi ya kudai idhini kabla mali yake ya kitamaduni haijatumiwa kibiashara. Sheria peke yake haisaidii kama hakuna aliyeandika umbo ni la nani na limetoka wapi. Programu ya bloku ina nafasi ya maelezo ndani yake, na mwalimu anayewapa wanafunzi umbo la kofia kuwa zoezi anaweza kuwataka waandike humo jina la mji na la aliyewafundisha, kwa ridhaa yake.

Mtafiti Ron Eglash, aliyechapisha kitabu *African Fractals* mwaka 1999, alionyesha kwamba umbo linalojirudia ndani yake kwa vipimo vidogo zaidi limejaa katika vijiji, nguo na misuko ya nywele ya Afrika. Yeye na wenzake walitengeneza zana za kompyuta, zikiwemo za bloku, ambazo humfundisha mwanafunzi wa Marekani jometri kupitia nywele za kusuka. Walishirikiana na wasusi wenyewe. Utaratibu huo ndio unaofaa kwa kofia pia: fundi wa mkono awe mwalimu darasani, na alipwe kama mwalimu.

Kwa anayetaka kuanza

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: kompyuta au simu, mtandao wa kufungulia programu, na fundi aliye tayari kushona faili. Mchoro wa kwanza uwe wa rangi moja na usizidi milimita 90, ili ubaki mbali na ukingo wa fremu ya milimita 100. Ushonwe kwanza kwenye kitambaa chakavu kilicho sawa na kile kitakachotumika, kukiwa na kitambaa kigumu chini yake. Mishono isipungue milimita 1 wala isizidi 4 kwa mistari ya kawaida.

Faili huhamishiwa kwenye cherehani kwa flashi. Kabla ya kulitoa, ni vizuri kuuliza mashine inasoma muundo gani, kwa kuwa si zote zinazosoma DST. Muundo huo hauhifadhi majina ya rangi, huhifadhi tu mahali pa kusimama ili uzi ubadilishwe. Anayepeleka mchoro wa rangi zaidi ya moja aandike mpangilio wa rangi kwenye karatasi na amkabidhi fundi pamoja na flashi.